Saini Iliyowekwa Juu ya Mfuko

Wafiwa wenzangu, majirani wa Shajing, mafundi mlioacha mashine zenu, na ninyi mliopanda basi Meixian tangu alfajiri, mimi naitwa Liao Xiuzhen, dada mkubwa wa marehemu, na ndimi niliyebaki wa kusema kwa niaba ya ukoo, na kabla sijaanza nawaomba radhi kwa jambo moja, kwamba kwa desturi ya huku mtu akifa akiwa bado ana kazi historia yake husomwa na mkubwa wake wa kazini, na kampuni ilituletea juzi karatasi mbili zilizochapwa vizuri, tayari kusomwa, ila familia imezikataa. Ninazo hapa mfukoni. Nitawaambia sababu, lakini si sasa, kwa kuwa mdogo wangu alizaliwa kwanza ndipo akaja kusingiziwa, nami nataka tufuate utaratibu. Ukumbi tumepewa kwa dakika arobaini, bwana wa mlangoni ameshanionyesha saa yake mara mbili, na asiwe na wasiwasi, nimekuwa mpishi wa shule ya msingi kwa miaka thelathini na moja, najua kumaliza kabla kengele haijalia.

Marehemu Liao Bingkun alizaliwa tarehe 11 Machi 1976, siku ya kumi na moja ya mwezi wa pili kwa kalenda yetu, mwaka wa Joka, katika kijiji cha Xiahu, wilaya ya Meixian, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa marehemu mzee Liao Deshun, msuka matenga ya mianzi, na marehemu mama Zhong Lanying. Mama alikuwa akituita kutoka shambani kwa kugonga mfuniko wa karai kwa upawa, na mlio ule ulivuka mto ukafika hata kwa watu wasioalikwa kula. Marehemu alipokuwa na miaka minane kishikio cha mfuniko ule kiliungua, mama akawa anaushika kwa kitambaa na bado anaungua vidole, basi mtoto akachukua kisu cha baba na kipande cha mwanzi akachonga kishikio kipya, mama akasema kizuri, yeye akasema bado, akakitupa, akachonga cha pili, cha tatu, mpaka cha sita, na hicho cha sita ndicho kilichoko kwenye mfuniko wangu hadi leo. Nawaambia haya ili mtu akisema mbele yenu kwamba Liao Bingkun alipitisha kitu kibovu kwa uzembe, mjue anamsema mtu mwingine.

Alianza shule ya msingi ya kijiji Septemba 1982, akaendelea na sekondari ya wilaya mwaka 1988, na mwaka 1995 akachaguliwa kwenda Guangzhou kusomea ufundi wa mitambo, masomo aliyoyamaliza Juni 1998. Mimi niliacha shule nikiwa na miaka kumi na tano ili karo imtoshe yeye, jambo ambalo sikulijutia hata siku moja, isipokuwa mwezi uliopita nilimkumbusha kwa ukali, na hilo la kumkumbusha nitalijutia mpaka na mimi mniletee mashada kama haya.

Julai 1998 alifika Shenzhen na kuajiriwa katika kiwanda cha chaja za simu, wilaya ya Bao'an, alikofanya kazi miaka kumi na saba bila kuchelewa zamu, na huko ndiko alikokutana na wifi yangu Qiu Meifang, mkaguzi wa ubora, ambaye siku ya kwanza kabisa alimkatalia chaja mia tatu mfululizo kwa sababu ya mstari mwembamba pembeni ambao hakuna mnunuzi angeuona. Bingkun alinisimulia akiwa amekasirika kweli kweli, na wiki iliyofuata akanisimulia tena akiwa hajakasirika, nikajua kumekucha. Walifunga ndoa tarehe 1 Oktoba 2003, na tarehe 14 Agosti 2006 wakajaliwa mtoto wao mmoja, Yuhan, aliyekaa hapa mbele akiwa ameshika picha ya baba yake, ambaye Juni hii atafanya mtihani wa kuingia chuo kikuu.

Mwaka 2010 marehemu alimnunulia mama hita ya gesi ya kuchemshia maji, akasafiri nayo kwa basi akiipakata, akaifunga kwa mikono yake mwenyewe ndani ya bafu, kwa kuwa wakati ule wote tulifunga ndani. Tarehe 22 Januari 2012, mkesha wa Mwaka Mpya, mama aliingia kuoga na majani ya balungi mchana, kama tunavyooga wote siku ile kabla ya kuketi mezani, na kwa kuwa kulikuwa na baridi alifunga dirisha, na mimi nilikuwa jikoni nikijaza nyama kwenye vipande vya tofu. Bingkun alishuka kwenye basi saa kumi, akaingia na mkoba wake begani.

"Mama yuko wapi?"

"Anaoga," nikamjibu.

"Tangu saa ngapi?"

Nilikuwa nimehesabu tofu na si dakika. Yeye ndiye aliyevunja mlango. Sitaeleza zaidi, wengine mlikuwepo.

Katika siku arobaini na tisa za msiba marehemu aliifungua hita ile mwenyewe ukutani, akaitoa nje uani, na siku ya hamsini akarudi Shenzhen akiwa na wazo moja tu kichwani, kutengeneza kisanduku kidogo cha kutundika bafuni, chenye kunusa ile hewa ya sumu itokayo kwenye hita ya gesi, isiyo na harufu wala rangi, na kupiga kelele kabla mtu hajaishiwa nguvu. Vilikuwepo vya kununua, lakini yeye alivijaribu kimoja kimoja, alining'iniza arobaini katika bafu letu la Xiahu na kunifanya nichemshe maji kila jioni kwa majira mawili ya baridi, na akagundua kwamba kile kidude cha ndani kinachonusa, ambacho yeye na wenzake walikiita pua, kikiwa cha aina ya bei poa huzibwa na mvuke na kufa ndani ya miezi tisa, huku taa ya kijani ikiendelea kuwaka kama kawaida. Hilo la taa lilimtia hasira kuliko yote. Aliniambia kwamba kisanduku kisichokuwepo ni bora kuliko kisanduku kinachokudanganya, kwani kisipokuwepo angalau utafungua dirisha.

Mwaka 2015 aliacha kazi ya chaja, na tarehe 6 Juni 2016 akaanzisha kampuni ya Lanmu, jina alilolitoa kwa mama, pamoja na Bwana Shi Guoxiong, ambaye waliwahi kulala naye chumba kimoja katika bweni la kiwanda. Bwana Shi angesimamia biashara, mdogo wangu asimamie kisanduku. Walianza watu saba, ghorofa ya nne juu ya duka la mabomba, na Bwana Shi amekula kwangu Xiahu mara tisa, anapenda tofu ya kujazwa, huongeza pilipili, na kila mara aliniita Dada Mkubwa kana kwamba tumenyonya ziwa moja.

Kazi ya kutoka kwenye kisanduku kimoja cha mezani mpaka visanduku elfu kumi vinavyofanana ilimchukua miaka mitatu, na ninyi mafundi mnajua ni miaka ya namna gani, maana kitu kinaweza kufanya kazi vizuri mkononi mwa aliyekibuni na bado kikakataa kutoka kiwandani. Kalibu ya chuma ya kumiminia plastiki ilichongwa na Fundi Pang Zhaoji wa Chang'an, aliyeketi pale nyuma, mzee asiyependa maneno mengi. Jaribio la kwanza, tarehe 2 Aprili 2019, maganda yalitoka na vibonyeo, la pili, tarehe 23 Aprili, mfuniko haukufunga, na la tatu, tarehe 17 Mei, maganda yakatoka safi, yanang'aa, na marehemu akanipigia simu akicheka peke yake. Kelele ya kisanduku alikuwa ameshaipanga zamani, alikuja Xiahu na kipimo chake, akanisimamisha jikoni nigonge mfuniko wa mama kwa upawa, yeye akasimama ng'ambo ya mto akiupima mlio ule na kuuandika.

Sasa ninyi wa Meixian niwaeleze desturi moja ya kazi hii, wa hapa mtanivumilia. Jaribio likikubalika, mnachukua visanduku viwili vizuri kuliko vyote, mwenye bidhaa anaandika jina lake na tarehe kwenye mgongo wa kila kimoja kwa kalamu ya wino usiofutika, vinatiwa mifukoni, kimoja kinakaa kwenye kabati la kampuni na kingine anabaki nacho mwenyewe, na tangu siku hiyo kila kitakachotoka kiwandani kinalinganishwa na hivyo, ukitokea ubishi hivyo ndivyo hakimu. Tarehe 18 Mei 2019 mdogo wangu alikishika kile cha kwanza, akakigeuzageuza, akashindwa kukitia wino. Fundi Pang amenisimulia mwenyewe wiki hii.

"Andika mgongoni, kama watu wote," Fundi Pang alimwambia.

"Niuchafue? Hebu ona unavyong'aa."

"Wewe umekuja kuidhinisha plastiki au kuioa?"

Wakacheka, na Bingkun akakitia mfukoni kikiwa safi, akaziba, akaweka saini yake na tarehe juu ya mfuko. Juu ya mfuko, ndugu zangu. Mtu aliyechonga vishikio sita, aliyeoa mkaguzi wa ubora, akaweka saini kwenye nailoni inayofunguliwa kwa kucha na kufungwa tena, kwa sababu ya kuupenda uso wa kisanduku chake. Na kile cha pili, ambacho kwa desturi kilipaswa kubaki kwenye droo yake, alikileta Xiahu wiki ile ile, akakitundika katika bafu ambamo mama alifia, akaniambia sasa oga bila wasiwasi.

Visanduku vya Lanmu vilianza kuuzwa tarehe 20 Septemba 2019, na baridi ile ya kwanza vililia katika nyumba tatu, na watu wa nyumba zote tatu wako hai, mmoja wao yuko hapa na mkewe, tunawashukuru kwa kuja. Ila mwaka 2021 Bwana Shi alimhamishia marehemu jengo lingine, akamwambia abuni bidhaa mpya, awaachie vijana hii ya zamani, na ghala la vipuri pamoja na kabati la sampuli vikawa chini ya Bwana Shi mwenyewe. Tangu hapo vilivyotoka vilikuwa na pua ya bei poa, ile ile inayokufa kwa mvuke huku taa ya kijani inawaka. Mdogo wangu hakuambiwa, na mimi sitaki mtu aniambie kwamba alipaswa kujua, kwa sababu alikuwa akimwamini aliyelala naye chumba kimoja.

Tarehe 26 Novemba 2023 mzee mmoja wa miaka sabini na sita, katika mji mmoja wa kaskazini ya mkoa huu, aliingia kuoga, mkewe akaona amekawia, akamfuata, na wote wawili hawakutoka. Majina yao nayajua, nimewachomea udi asubuhi hii kabla ya kumchomea mdogo wangu, ila watoto wao hawajaniruhusu niyataje. Ukutani kulikuwa na kisanduku cha Lanmu, taa yake inawaka kijani. Hakikulia.

Tarehe 8 Desemba Bwana Shi aliita wafanyakazi wote na wakaguzi wa serikali, akatoa mfuko kabatini, akaufungua mbele yao, akakilaza kisanduku kifudifudi mezani, akafungua kifuniko cha nyuma, akaonyesha pua iliyomo ndani, ni ya bei poa. Kisha akainua mfuko.

"Saini hii ni ya nani, Fundi Liao?"

"Yangu," Bingkun akasema.

"Na mfuko?"

"Wangu."

"Basi," Bwana Shi akawageukia wakaguzi, "nadhani tumeelewana."

Mdogo wangu hakuruhusiwa kukigusa kisanduku kile. Aliambiwa aandike kukiri kwamba ndiye aliyeidhinisha, suala limalizike kwa toleo moja tu lenye kasoro, mengine yote yaendelee kuuzwa. Alikataa siku kumi. Na sasa, kwa kuwa nimeahidi kufuata tarehe, nimefika tarehe 18 Desemba 2023, ambayo ningependa kuiruka.

Siku hiyo alinipigia simu mchana, nilikuwa nakaanga samaki, akaniuliza swali ambalo sikulielewa.

"Dada Mkubwa, kile kisanduku cha bafuni, nyuma yake, ndani ya kifuniko, kuna kiduara chenye mshale?"

Nikamwambia sina muda wa kupanda kigoda kutafuta viduara, nina samaki motoni, nikamwambia watu kijijini wanasema, Meifang halali, mtoto ana mtihani, na nikamwambia maneno haya, ambayo nayasoma mbele yenu kwa kuwa nimesoma ya Bwana Shi na itakuwa dhambi kuficha yangu. "Saini tu, Bingkun, yaishe. Sikuacha shule ili wewe uje kubishana na wakubwa."

Halafu akasema, "Haya. Ila usikitoe, baridi imeingia. Nitakuja mwenyewe Mwaka Mpya nikione."

Nilimwambia ningeweza kukitoa nimtumie kwa posta kama anakitaka sana. Akasema hapana, hana kingine anachokiamini cha kukiweka hapo badala yake. Tarehe 20 Desemba alisaini.

Tarehe 4 Januari 2024 asubuhi, akiwa mezani na bakuli la uji wa mchele, marehemu alianguka kwa kiharusi, akapelekwa hospitali ya wilaya, akafanyiwa upasuaji wa kichwa siku hiyo hiyo, akalala siku kumi na mbili katika chumba cha mahututi bila kufumbua macho, na tarehe 16 Januari, saa nne na dakika ishirini asubuhi, akafariki, akiwa na umri wa miaka arobaini na saba. Alikuwa na afya, hakuvuta sigara, madaktari walipouliza kama ana fikra nyingi siku hizi Meifang aliwauliza kama wana muda wa kusikiliza.

Siku iliyofuata, Jumatano, Fundi Pang alikuja kutoa pole, akachoma udi, akakaa, na kwa kuwa hajui kufariji watu akaomba aone hicho kisanduku kilichomuua rafiki yake. Meifang alikuwa na picha ya siku ile kwenye simu, aliyotumiwa na mfanyakazi mmoja. Fundi Pang akaikuza kwa vidole viwili, akavaa miwani, akaitazama mpaka chai yake ikapoa.

"Hiki si cha Mei," akasema.

Nikamuuliza anajuaje.

"Mnaona hiki kiduara chenye mshale? Kinaonyesha mwezi na mwaka plastiki ilipomiminwa. Nilikitia mimi kwenye kalibu, mwezi wa saba, baada ya saini ile, Bingkun ndiye aliyeniagiza. Sampuli aliyoisaini haiwezi kuwa nacho. Na mshale huu unasema mwezi wa kumi, mwaka wa ishirini na moja."

Yaani walifungua mfuko wa mdogo wangu, wakatoa kisanduku chake, wakachukua chochote kilichokuwa ghalani, wakatia, wakaziba, na hawakujisumbua hata kutazama kiduara. Angekuwa amekitia wino mgongoni wasingeweza. Na yeye alishalijua hilo tarehe 18 Desemba, alikuwa amekiona kile kiduara kwa mbali pale mezani, na alichohitaji ni dada yake apande kigoda.

Alhamisi nilipanda basi kwenda Xiahu, nikapanda na kigoda. Nyuma ya kifuniko hakuna kiduara. Pua ni ile nzuri. Na mgongoni, kwa wino usiofutika, kwa kuwa hiki cha nyumbani hakuona shida kukichafua, ameandika hivi: "Kwa Dada Mkubwa. Jaribio la tatu, 18 Mei 2019. Vyote viwe kama hiki. Liao Bingkun." Miaka minne na nusu nimeoga chini ya ushahidi wake.

Ijumaa kisanduku hiki, picha zake, na daftari la kalibu la Fundi Pang vilipelekwa kwa wakaguzi na kuandikishwa, kisanduku nikarudishiwa kwa ajili ya leo nikiwa na mkaguzi wao, yule bibi mwenye koti la kijivu, kwa hiyo asiwepo wa kujisumbua kukiomba. Ijumaa hiyo hiyo ndipo kampuni ilipoleta zile karatasi mbili, na mstari wa nane unasema, "licha ya kosa lake la kuidhinisha kifaa dhaifu, tutamkumbuka kwa moyo wake wa kujituma." Meifang ni mtu mpole, mnamjua, aliusoma mstari ule akanirudishia karatasi akaniambia, "Dada Mkubwa, soma lolote utakalo, ila hili usilisome." Nimelisoma, wifi yangu, nisamehe, nilitaka walisikie lilivyo. Bwana Shi Guoxiong yuko safu ya pili, na ua jeupe kifuani, na shada lake lile kubwa kuliko yote limeandikwa "ndugu mpendwa". Sitamtukana ndani ya ukumbi huu. Kama wakati huu ameinuka kutoka, naomba mumpishe, mlango ni mmoja.

Sasa nisikilizeni vizuri, kwa sababu hili ndilo lililonifanya nikatae historia ya kampuni, na lingekuwa jina la mdogo wangu peke yake ningengoja mahakama. Visanduku vilivyotoka tangu mwaka 2021 ni zaidi ya elfu kumi na moja, viko ukutani, taa zinawaka kijani. Redio imesema baridi kali inashuka kesho, na kesho watu watafunga madirisha wakaoge. Mkifika nyumbani, na mkiwapigia simu wazazi wenu vijijini, toeni kisanduku cha Lanmu ukutani, fungueni kifuniko cha nyuma, mtazame kile kiduara. Kama mshale unaonyesha mwaka wa ishirini na moja, au wa ishirini na mbili, au wa ishirini na tatu, kitupeni, msikihurumie eti kinawaka. Na asiyeweza kukifungua aoge na dirisha wazi, atapata mafua, mafua yanapona.

Msishtuke, nakibonyeza kisanduku hiki mara moja.

Huo ndio mlio wa mfuniko wa mama yangu. Waliokaa nyuma kabisa, naona mmegeuka, basi kazi ya mdogo wangu ilikuwa nzuri.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa chumba cha mahututi, hasa muuguzi aliyekuwa akimkata marehemu kucha bila kuombwa, inawashukuru majirani wa jengo namba tisa waliompikia Yuhan siku kumi na mbili ili asikose shule, inamshukuru Fundi Pang na watu wake wote wa Chang'an, inawashukuru wale wa nyumba tatu. Inawashukuru wafanyakazi kumi na wanne wa Lanmu waliokuja leo ingawa waliambiwa ni siku ya kazi, ambao sitawataja majina, na kesho wakiulizwa walikuwa wapi waseme walikuwa kwa Dada Mkubwa. Mkitoka, chukueni peremende na uzi mwekundu mlangoni, msiende na huzuni nyumbani, nendeni na simu mkononi.

Bingkun, mdogo wangu, kigoda nimepanda, nimechelewa, lakini nimepanda. Mwaka Mpya usije, dirisha la bafuni nitaliacha wazi. Pumzika kwa amani wewe, kelele tutapiga sisi.